Mstari Mmoja wa Zambarau

"Anayelia anapumua," Sista Truphosa alikuwa akitufundisha, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Mwacheni alie. Ninyi nendeni kwa aliyenyamaza."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikadhani nimeyaelewa. Sikujua kwamba yuko mtu anayeweza kuficha kifo chake kwa makusudi, tena akitabasamu, kwa sababu tu baba yangu anamtazama.

Ilikuwa Ijumaa ya Februari, mwaka wa hamsini na nane, saa kumi kasorobo alasiri. Lori la maziwa liliingia uani mwa hospitali yetu ya misheni, hapa Nakuru, likipiga honi bila kukoma. Nyuma, kati ya madebe, walilala watu kumi na mmoja, weupe kutoka utosini hadi nyayoni. Mpishi wetu alikuwa akichota maji. Aliangusha ndoo.

"Mungu wangu! Maiti wamefufuka!"

Ulikuwa unga tu. Watu wa kanisa letu walikuwa wakienda Subukia kwenye matanga, na magunia ya unga wa kuwapikia wafiwa. Lori lao lilishindwa kona, likabingirika mpaka katikati ya mibuni. Magunia yakapasuka, na unga ukawafunika wote, wazima na waliovunjika, sawasawa.

Wawili kati yao walikuwa wangu. Mmoja alinizaa: Mzee Nicodemus, mzee wa kanisa, mtu wa reli kwa miaka ishirini na sita. Wa pili ni Odero, fundi wa injini za treni na sauti nzito ya kwaya. Odero alikuwa ameapa kunioa baada ya Pasaka. Baba alikuwa ameapa kwamba Odero hatanioa.

Sista Truphosa alitoka mlangoni huku akifunga aproni.

"Naliaka! Mimi naingia ndani na Daktari. Utapima wewe. Usitibu, usibembeleze. Pima, tia alama, songa mbele. Daktari wa pili yuko Ndabibi. Tumempigia simu, lakini usimtegemee."

"Ndiyo, Sista."

"Mstari mmoja?"

"Anaweza kungoja."

"Miwili?"

"Asingoje sana. Mitatu, sasa hivi."

"Na wa mstari mmoja, ndiyo umemalizana naye?"

"Hapana, Sista. Namrudia kila robo saa. Mgonjwa hubadilika."

Alinikabidhi kichupa cha dawa ya zambarau na kijiti chenye pamba. 

"Sista, baba yangu yumo."

"Nimemwona. Na yule mwingine nimemwona pia." Alinikazia macho. Hakuwa mama mpole, lakini siku ile aliniwekea mkono begani. "Leo huna baba, huna mchumba. Una watu kumi na mmoja."

Tuliwalaza kwenye varanda, juu ya mablanketi. Nilianza na aliyenyamaza, kama nilivyofundishwa. Alikuwa dereva wa lori lao, Ephantus, na kifua chake kilikuwa na tundu lililovuta hewa kwa mlio wa kufyonza. Niliziba kwa kitambaa kilichopakwa vaselini, nikamchora mistari mitatu kwenye paji la uso, nikapiga kelele, "Huyu aingie!" Wakambeba mbio.

Wa pili ni Jelagat, mama kijana wa watoto wawili. Bati lilikuwa limempasua paja na damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Nilimfunga mkanda wa kubana damu, nikaandika saa kwenye kiganja chake kwa ile ile zambarau: saa kumi na dakika tano. Mistari mitatu.

"Sista, nitakufa?" aliniuliza.

"Si leo, kama utatulia."

"Basi nitatulia," akasema, akafumba macho kama mtoto aliyeambiwa alale.

Muda huo wote baba yangu alikuwa akilia. Hakuwa akinung'unika, alikuwa akilia kwa sauti ya kufika stesheni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Nilipiga magoti kando yake, nikagusa unyayo. Ulikuwa na joto. Nilihesabu mapigo, nikachungulia ndani ya mdomo wake wa chini, kwa maana unga ulikuwa umeficha rangi ya ngozi. Ndani palikuwa pekundu.

"Baba, umevunjika, lakini hufi. Utangoja kidogo."

"Ningoje? Mimi niliyekulipia karo ya shule, ningoje?"

"Ndiyo, Baba. Utangoja."

Nikamchora mistari miwili. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Usiniache hapa nikilia mbele ya watu, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Mbele ya huyo."

Nikageuka. "Huyo" alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu, mgongo kwenye nguzo, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Juu ya mapaja yake alikuwa amekilaza kichwa cha Micah, mzee wa miaka sabini aliyepasuka utosi, akimkandamizia kidonda kwa leso. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Aliponiona aliachia tabasamu, na pale chini mbele, kwenye pengo la meno sita, ulimi wake ukaonekana mwekundu.

Nililipenda pengo lile. Nilikuwa nimelipenda tangu jioni ya kwanza alipocheka nami kando ya reli, mikono yake ikinukia mafuta ya mashine na sabuni ya bei rahisi.

Nalo lilikuwa chanzo cha vita. Wiki tatu kabla ya siku ile, Odero alikuja nyumbani kwetu, kwenye nyumba za reli, na mjomba wake Omolo, kunichumbia. Baba aliwapa chai. Walipomaliza chai ndipo akawapa maneno.

"Kwetu Bukusu binti huolewa na mwanamume," alisema. "Huyu hajatahiriwa. Kwetu huyu anaitwa omusinde. Ni mvulana tu, hata akiota mvi."

"Mzee," Odero alijibu kwa heshima, "kwetu Ujaluoni hawakati, wanang'oa. Meno sita, kwa chuma, nikiwa na miaka kumi na miwili. Na sikulia."

"Meno!" Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. "Meno hata nyanya yangu yalimng'oka, na hatukumpigia ngoma!" Kisha kicheko kikamwisha. "Sikiliza, kijana. Siku nitakayokuona kwa macho yangu unaumia na hulii, siku hiyo nitakuita mwanamume, na binti nitakupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla ya hapo, usinisumbue."

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye hasira. Odero aliyachukua kama mkataba.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na kichupa changu.

"Mimi wa mwisho, Sista," akasema. "Anza na Mzee Micah."

"Mimi ndiye ninayejua nani wa kwanza. Wapi panauma?"

"Hapa." Akagusa moyo wake. "Tangu mwaka jana. Dawa yake inajulikana, lakini imefungiwa kabatini na baba mmoja."

"Odero, usicheze."

"Sichezi. Ubavu umegongwa kidogo. Nimekaa, naongea, napumua. Unataka nini tena?"

Nilimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa mia moja na manne. Ni ya haraka, lakini nani kati yao hakuwa na mapigo ya haraka? Na mimi mwenyewe, kila nilipomgusa, yangu yalikuwa yakikimbia. Nilitazama macho yake muda mrefu kuliko nilivyoruhusiwa, naye akanitazama vivyo hivyo.

"Fungua koti," nikasema.

"Hapa? Mbele ya baba mkwe?"

"Fungua. Nataka kushika tumbo."

Nilikishika kifungo cha kwanza. Hapo ndipo sauti ya baba ilipopasua varanda, katikati ya kilio chake.

"Tazameni! Tazameni binti niliyemsomesha! Watu wanakufa, baba yake amevunjika mguu, na yeye yuko pale anamfungua mpenzi wake vifungo!"

Watu waligeuza vichwa, hata wale waliokuwa nusu ya kuzimia. Mama mmoja wa kanisani, mkono wake ukining'inia kama kitambaa, alifyonya. Uso wangu uliwaka kwa aibu. Niliona jinsi itakavyosimuliwa Jumapili: Naliaka aliyewaacha wengine akamhudumia Mjaluo wake.

"Nenda, jaber," Odero akaninong'oneza. Hilo ndilo jina alilonipa, mrembo wake. "Nenda kwa wengine. Usinitie aibu mbele yake. Nimebakisha kidogo tu nishinde."

Nilikiachia kifungo. Sikuutazama mdomo wake kwa ndani. Sikulishika tumbo. Niliwachungulia midomo watu kumi siku ile, na yule mmoja niliyewahi kuubusu mdomo wake ndiye niliyempita.

Nilimchora mstari mmoja.

Baada ya wote kupata alama zao nilitakiwa kurudi mwanzo. Robo saa ilikuwa bado dakika mbili. Mlango ukafunguliwa, Sista Truphosa akaniita kwa sauti ya mkato, "Naliaka, ndani! Nahitaji mikono!" Nikaingia. Nilishika taa, nikashika makoleo, nikachemsha, nikafuta. Kifua cha Ephantus kilikuwa kigumu kuliko Daktari alivyotarajia. Nilisema mara moja, "Sista, wale wa mstari mmoja..." naye akajibu bila kuinua kichwa, "Umewapima vizuri?"

Nikasema ndiyo.

Nilipotoka ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mzee Micah alikuwa amelazwa chini, kichwa kimefungwa vizuri kwa leso. Baba alikuwa bado akilia, lakini amechoka. Odero alikuwa ameteleza kwenye nguzo mpaka akawa nusu amelala. Alikuwa akipiga miayo, mmoja baada ya mwingine.

"Naomba maji," akasema. "Kiu hii, kama nimelamba chumvi."

Miayo na kiu. Nilijua kabla sijamfikia: alikuwa akivuja damu ndani. Nilishika mkono wake na haukuwa mkono, ulikuwa samaki, baridi na majimaji. Nilitafuta mapigo nikayakosa, nikayapata shingoni, membamba kama uzi, hayahesabiki. Nikavuta mdomo wake wa chini. Ndani palikuwa peupe. Na unga haukuwa umefika huko.

Sikufungua vifungo. Nilivirarua. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa mweusi, na tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia.

"Odero! Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu mzee alisema... siku atakayoniona naumia na silii." Alipumzika kidogo. "Naliaka, muulize. Amenisikia nikilia?"

Nikamgeukia baba. Kilio kilikuwa kimekatika kooni mwake.

"Baba, nini kilimgonga?"

Akaushika mguu wake.

"Baba! Nini kilimgonga?"

"Boriti ya lori," akasema, akitazama sakafu. "Nilikuwa nimebanwa chini. Akaja kunivuta. Akanitoa. Boriti ikaanguka ikampiga pale pale unapoona. Niliisikia ikimpiga, Naliaka. Akanyanyuka akasema si kitu. Njia nzima kwenye lori la maziwa alinishikia mguu huu usicheze."

"Na hukuniambia!"

"Ningesemaje? Mbele ya watu wote, kwamba mimi nalia kama mtoto na huyu..." Alijipangusa mdomo, na unga ukaanguka kutoka kwenye masharubu. "Niliona haya, mwanangu. Haya tu."

Nilichovya kijiti. Kando ya ule mstari mmoja nikaongeza wa pili na wa tatu, na mkono wangu ukauchafua uso wake mzuri. Nikapiga kelele kwa nguvu zote.

Daktari alitoka na aproni yenye damu, Sista Truphosa nyuma yake. Aliinama, akaliminya tumbo la Odero mara moja, akamwangalia macho. Kisha akaenda kwa Jelagat, akaangalia saa iliyoandikwa kwenye kiganja chake. Alisimama katikati ya wawili hawa.

"Ana wengu uliopasuka," alisema taratibu. "Amemwaga damu ndani karibu saa mbili. Nina meza moja na chupa moja ya plazima, yale maji ya damu, na damu yenyewe sina. Dada, wewe ndiye uliyewapima wote. Niambie bila kuficha. Nani anafuata?"

Nyuma yangu baba alipiga kelele, si ya mguu.

"Mchukueni yule! Mchukueni huyo mwanamume kwanza! Daktari, nakuomba! Naliaka, waambie wamchukue mwanamume wangu!"

Lilitoka, lile neno. Wiki tatu nilikuwa nimelililia kitandani, nimeliombea kanisani. Lilitoka mbele ya watu wote, na kila mtu alilisikia.

Nilimshika Jelagat mkono. Mapigo mia moja na ishirini, lakini yenye nguvu. Mshipa mmoja wa kufungwa, dakika ishirini, chupa moja, na watoto wawili wangekuwa na mama. Nilimshika Odero shingoni. Hata angepewa meza, hata angepewa chupa, asingepona.

Saa kumi na robo, angekuwa wa kwanza. Vifungo vinne tu vilikuwa kati yangu na jibu.

"Dada?" Daktari akauliza.

"Jelagat," nikasema.

"Una hakika?"

"Mchukueni Jelagat."

Baba alinitukana kwa Kibukusu, tusi ambalo baba hamwambii binti. Walipokuwa wakiinua machela, Odero alinivuta kidole kimoja. Hakuwa na nguvu ya kuvuta viwili.

"Umechagua sawa," alisema. "Mimi ni fundi. Injini iliyomwaga mafuta yote haifiki Gilgil."

"Nisamehe. Niliogopa midomo ya watu. Nilikuchora mstari mmoja nikiogopa midomo ya watu."

"Na mimi nilifunga koti." Akapiga mwayo, akafumba macho, akafumbua. "Umemsikia mzee?"

"Nimemsikia."

"Alisema mwanamume. Mara mbili, au nimeota?"

"Mara mbili."

"Basi mkataba umetimia. Sasa wewe ni wangu." Tabasamu lile lilikuja tena, polepole, na ndani ya pengo ulimi wake haukuwa mwekundu tena. "Jaber. Sasa naruhusiwa kulia? Inauma sana."

"Lia," nikamwambia. "Lia, mpenzi wangu. Lia kwa nguvu."

Sista Truphosa alisimama mlangoni. "Naliaka," akaita, na mara ile sauti yake haikuwa ya mkato. "Sina mtu mwingine wa kushika mshipa."

Nilimbusu kwenye paji la uso, juu ya mistari mitatu, nikainuka. Wakati naingia ndani baba alikuwa akijiburuta sakafuni, mguu wake ukikwaruza saruji, zile hatua tatu.

Dirisha la chumba cha upasuaji lilikuwa wazi kwa ajili ya mwanga. Nilisimama kichwani pa Jelagat, vidole vyangu kwenye mshipa wa shingo yake, na masikio yangu nje. Nilisikia vilio viwili. Kimoja cha mzee, na kingine kizito, cha chini, kama sauti yake alipokuwa akianza wimbo kwaya nzima ikimngoja. Anayelia anapumua. Nilikishika kile kilio cha pili kama nilivyoushika ule mshipa. Kikapungua. Kikarudi. Kikapungua.

"Mapigo?" Daktari akauliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

Mkasi ukagonga sahani. Plazima ilidondoka, tone, tone.

"Mapigo?"

Nilitega sikio. Varandani kulikuwa na kilio kimoja tu, na kilikuwa cha baba yangu.

"Mia moja na manne, Daktari," nikasema. "Yanashuka vizuri. Huyu ataishi."